Utamu Wenye Ukali

Wewe ufanyaye kazi katika mashamba ya miwa ya Kidatu waijua sukari kwa utamu wake. Lakini sukari pia ndiyo siri ya ukali wa Duvel, bia ya Ubelgiji. Watengenezaji huiongeza, hamira ikaila, ikabaki pombe isiyo na uzito. Ukiionja ni nyepesi kinywani, ina rangi ya dhahabu, povu jingi na harufu ya matunda. Kimya kingi kina mshindo mkuu! Kilevi chake ni asilimia 8.5, hali Safari ina 5.5, chupa yake ya mililita 330 yalingana na Safari ya mililita 500. Basi kula kwanza, onja polepole, na chupa moja itoshe. Siku ya mshahara, watoto wakungoja urudi na akili zako timamu.