TUJIFUNZE LUGHA: Moyo Unabwagwaje?



Mwezi huu tujifunze lugha ya picha. Watu hudhani ni lugha ya washairi tu. Sivyo. Wewe unaitumia kila siku.

Ukisema, "Jembe hili ni kali kama wembe," umefananisha vitu viwili kwa neno "kama". Hiyo ni tashibihi. Ukisema, "Jembe hili ni wembe," umeliacha neno "kama". Hiyo ni sitiari. Ukisema, "Njaa imebisha hodi," umeifanya njaa kuwa mtu. Hiyo ni tashihisi.

Sasa tuitazame njia ya zamani ya misafara. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikuwa kilomita 1,200 hivi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo mizigo ilibebwa kichwani na mabegani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi za pembe za ndovu, nguo au shanga. Njiani waliimba. Mmoja alianzisha na wenzake wakaitikia. Kurudia maneno katika wimbo huitwa takriri.

Wapagazi waliotoka Tabora na pembe walimaliza safari yao Bagamoyo. Wengi husema jina hilo limetokana na maneno "bwaga moyo". Kubwaga ni kutupa mzigo chini. Lakini moyo si mzigo. Basi hapa pana sitiari. Moyo umefanywa mzigo.

Je, ni nani anayeubwaga? Wapo wanaosema ni mpagazi. Amefika. Ametua pembe, atapata ujira na kupumzika. Kwake kubwaga moyo ni kuondokana na wasiwasi.

Wengine husema ni mtumwa. Naye aliletwa kwa njia hiyo hiyo. Anaiona bahari, na ng'ambo yake ni soko la Zanzibar. Hatawaona tena ndugu zake. Kwake kubwaga moyo ni kukata tamaa.

Maneno ni yale yale. Lakini mmoja anashangilia na mwingine analia.

Kwa hiyo, ukikuta lugha ya picha, uliza maswali mawili. Kitu gani kimefananishwa na nini? Nani anasema? Maswali hayo yatakufaa hata katika mkutano wa kijiji. Mtu akisema, "Mradi huu ni mzinga uliojaa asali," usipige makofi upesi. Uliza kwanza: Nani atarina? Nani ataumwa na nyuki? Nani atakula asali?

ZOEZI

1. "Mvua imetukimbia." Hii ni tashibihi, sitiari au tashihisi?
2. Tunga tashibihi moja kuhusu shamba lako.
3. Mwombe mzee akuimbie wimbo wa kazi. Uandike katika daftari. Pigia mstari maneno yanayorudiwa. Kisha msomee, akusahihishe.