Hamira Inatushinda Akili

Wasee, leo siongei siasa wala mapenzi. Naongea hamira. Ile ile ya kukanda mahamri.

Juzi kampuni fulani ilinitumia ujumbe. Walitaka nirekodi video fupi nikisifu unga wao wa "kuongeza damu". Ndani kuna chuma, shaba na zinki, zote kwa wingi. Hiyo doo ingelipa rent ya miezi miwili. Nilikataa, na landlord bado ananitafuta. Wacha niwaambie kwa nini.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kuna somo moja la baiolojia lilikataa kunitoka kichwani. Seli ya hamira inahitaji chuma, na inahitaji shaba pia. Lakini zikizidi, zote mbili ni sumu. Shaba ikizurura ovyo ndani ya seli, inang'oa chuma kutoka kwa protini ambazo seli haiwezi kuishi bila.

Kwa hivyo hamira imeweka walinzi. Kuna protini inaitwa Aft1. Chuma kikipungua, inawasha jeni za kuingiza kingine. Kikitosha, inanyamaza. Shaba ikizidi, mlinzi mwingine, Ace1, anawasha jeni inaitwa CUP1, na hiyo inatengeneza protini ndogo ya kuikamata na kuifunga. Hamira nyingi za mvinyo, zinazotoka mahali mizabibu hupuliziwa dawa ya shaba, zimebeba nakala kadhaa za CUP1. Zimejipanga!

Sasa sikiza hii. Mlango ambao hamira hutumia chuma kikiwa haba una protini inaitwa Fet3, na Fet3 haifanyi kazi bila shaba. Inyime hamira shaba, na mlango huo hautafanya kazi. Mwili wako una mpango unaofanana na huo. Kwa damu yako kuna seruloplasmini, protini yenye shaba, inayosaidia chuma kutoka kwa seli na kusafiri.

Unaona shida iko wapi? Ukimeza zinki nyingi kwa muda mrefu, inazuia shaba kuingia mwilini kupitia matumbo. Shaba ikiisha, damu inapungua. Unachoka, unajiambia ni chuma imeisha, unaongeza vidonge, na hakuna kinachobadilika. Wakati huo huo mwili hauna njia ya maana ya kutoa chuma kilichozidi. Kinarundikana, na ini ndilo linaumia.

Najua mtasema, "Lakini dem yangu aliambiwa ana damu kidogo, akapewa chuma, akapona." Sawa kabisa. Upungufu wa damu ni kitu serious, hasa kwa wasichana wanaotoka damu nyingi kila mwezi na kwa akina mama wajawazito. Kliniki wakikupa vidonge vya chuma, meza. Sijasema chuma ni kibaya. Nasema yule daktari alipima kwanza. Mimi na simu yangu na ring light tumepima nini?

Hiyo ndiyo inaniuma kuhusu kazi yetu. Mtu wa miaka kumi na saba anachoka kwa sababu analala saa nane usiku akiscroll, halafu creator anamwambia shida ni madini, na discount code iko kwa bio. Anatumia pesa ya lunch kununua kitu ambacho labda mwili wake hauhitaji. Kipimo cha damu kwa lab ya kawaida mara nyingi ni bei ya chini kuliko hiyo mikebe.

Hamira haina ubongo, haina degree, kama mimi tu. Lakini kabla ya kuingiza chuma, inaangalia kwanza kiasi ilicho nacho.

Wewe ulipima damu lini mara ya mwisho? Usinidanganye.