Usingoje Agosti Ndio Ukumbuke Una Kijana

Wasee, leo sina utani. Mwaka wa tohara ukifika huku kwetu, na inakuwanga kila miaka miwili, 2022, 2024, 2026, kuna aina ya baba hufufuka. Ametulia Bungoma miaka kumi na mbili. Hajanunua hata soksi ya shule. Mtoto amekulia Kitale na mamake, ndiye anauza mitumba, ndiye analipa karo, ndiye analala naye hospitali. Halafu chinyimba zinaanza kulia na huyo jamaa anapanda matatu, Webuye, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, anashuka Kitale na wazee wawili wa ukoo. "Tumekuja kuchukua kijana wetu."

Wenu? Tangu lini?

Najua mtasema mimi ni mtoto wa town, nimesahau mila. Sijasahau, na mila yenyewe inawashtaki. Kijana wa Kibukusu haendi kwa kisu kabla hajaenda kwa khocha, ndugu ya mamake, achinjiwe ng'ombe na kuvalishwa luliki, ile nyama ya shingoni. Yaani wazee wa kale walijua mtoto ana pande mbili. Nyinyi ndio mmekata upande mmoja mkasema ni desturi.

Sasa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya malezi, na jukumu la mama na baba ni sawa, wawe wameoana au la. Ile sheria ya watoto ya 2001 ilikuwa inamwachia mama mzigo kama hamkuoana, na mababa wengi bado wanaishi nayo kichwani. Imeenda hiyo. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema kama Katiba: sawa. Kwa hivyo hiyo story ya "hatukuoana, hata mahari sikutoa" haikutoi kwa karo. Na pia haimpi mama ruhusa ya kukufuta.

Hapo ndipo tunachanganya mambo. Kukaa na mtoto, kumwona mtoto na kumlipia mtoto ni vitu vitatu tofauti. Korti ikisema mtoto akae na mama, baba hajageuka mgeni, bado ni mzazi, anaweza kupangiwa wikendi na likizo. Akinyimwa kumwona asikatize pesa, aende korti. Na asipotuma pesa, hiyo si sababu ya mama kumficha mtoto, aende korti pia. "Hakuna doo, hakuna mtoto" ni bei ya mbuzi sokoni Chwele.

Dada zangu, msinikasirikie. Nimekuwa huyo mbuzi. Nikiwa darasa la tatu niliwekwa kwa matatu hapo stage ya Kitale na karatasi ya deni la karo mfukoni, nimpelekee mzee Bungoma. Sikuambiwa nimsalimie. Yeye alisoma, akanipa nauli ya kurudi, akasema nimwambie mamangu aache kumwaibisha. Safari yote ya kurudi nilikuwa nafikiria nitaisema vipi hiyo sentensi. Hakuna mtu kati yao aliniuliza kama nimekula.

Na kumbe kulikuwa na njia. Huhitaji wakili kuanza. Kuna afisa wa watoto, wa serikali, Kitale wako na Bungoma wako. Anawaita wote wawili, mnakaa chini, mnaandika nani anakaa na mtoto, nani analipa nini, nani anamwona lini. Mkishindwana, kuna korti, na korti za miji yote miwili husikiza kesi za watoto. Ukikana mtoto, hakimu anaweza kuamuru DNA. Na mila anaiangalia, ndio, iko kwa sheria. Lakini ni kitu kimoja tu. Anaangalia pia nani amekuwa akimlea, wazazi wamekuwa na tabia gani, na mtoto mwenyewe anataka nini kama amefika umri wa kusema. Juu ya yote kuna maslahi ya mtoto. Si ya ukoo.

Mzee wa ukoo akija na watu wamnyakue mtoto barabarani, hiyo si mila tena, piga 116, ni bure, au enda polisi.

Kama wewe ndiye baba wa Bungoma na unataka kijana wako akatahiriwe kwenu, sikukatazi. Ni damu yako. Lakini usianze na wazee wawili na matatu ya Julai. Anza na karo ya muhula huu. Beba kopi ya cheti chake cha kuzaliwa kama unayo, enda ofisi ya watoto mapema, kwa sababu hiyo laini ya asubuhi huwa ndefu, na wengi walio hapo ni akina mama.