Mtazamaji, Mtaalamu na Mizani ya Uhakiki wa Drama

Kuna kauli inayorudiwa mara kwa mara katika idara zetu za Kiswahili, nayo ni kwamba tahakiki za maonyesho ya drama zinazoandikwa na watazamaji wa kawaida, watu wasio na shahada ya fasihi wala safu ya kudumu gazetini, hazistahili kupimwa kwa mizani moja na kazi ya mhakiki mtaalamu. Mwanafunzi wa uzamili anayethubutu kumnukuu mtazamaji wa namna hiyo huagizwa amwondoe, amweke profesa. Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Hatudai kuwa kila anayenunua tiketi ni mhakiki. Tunachodai ni kuwa kauli yenyewe imejengwa juu ya dhana potovu ya utaalamu, na kwamba wanaoishikilia kwa ukali zaidi ndio wenye haki ndogo zaidi ya kuishikilia.

Tuanze na hili la mwisho. Tamthilia, kama tunavyowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, huandikwa ili iigizwe. Basi na tuutazame uhakiki wetu wenyewe. Yameandikwa mengi kuhusu Kinjeketile (1969) na Mashetani (1971) za Ebrahim Hussein, kuhusu Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui, Amezidi (1995) ya Said Ahmed Mohamed na Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia. Katika sehemu kubwa ya maandishi hayo msomaji haambiwi ni nani aliyeigiza, jukwaa lilipangwaje, hadhira ilicheka wapi na ikanyamaza wapi. Huelezwa maudhui, wahusika na mbinu za lugha, basi. Tunaihakiki drama kana kwamba ni riwaya iliyokatwakatwa kwa majina ya wasemaji, kisha tunamlaumu mtu aliyeketi ukumbini saa mbili nzima kwamba hana ujuzi wa drama!

Mfano ulio karibu ni Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa katika shule za upili nchini Kenya kabla ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege kuchukua nafasi yake. Vikundi vya waigizaji vilizunguka shuleni vikiiigiza mbele ya wanafunzi, mara nyingi katika kumbi za maakuli, bila pazia wala taa za jukwaa. Sisi wataalamu tuliandika nini kuhusu maonyesho hayo? Tuliandika miongozo. Msomi wa mwaka 2060 atakayetaka kujua Majoka alichezwaje, iwapo alitisha au alichekesha, na iwapo wasichana waliokuwa wakitazama walimshangilia Tunu, hatapata jibu kwetu. Akibahatika, atalipata kwa mwanafunzi mmoja aliyeandika aliyoyaona kwa sababu yalimgusa, na ambaye leo tunamwambia kuwa maoni yake hayana uzito.

Itasemwa kuwa uhakiki ni taaluma yenye misingi yake, na kwamba asiyeijua historia ya utanzu hawezi kuuhukumu. Hoja hii ina nguvu, na hatuna nia ya kuibeza. Lakini ni nani aliyetuwekea misingi hiyo? Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu ambacho hakuna mhadhara wa arudhi usiokitaja, kilitolewa mwaka 1954 na Kaluta Amri Abedi, shehe na mhubiri, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na kisha waziri wa sheria katika serikali ya Tanganyika. Hakulipwa mshahara na idara yoyote ya fasihi. Wala mgogoro wa mashairi huru uliopamba moto baada ya Kichomi (1974) ya Euphrase Kezilahabi haukuwa wa maprofesa peke yao; malenga waliosimama upande wa arudhi walikuwa watu wa kazi mbalimbali, nao tunawanukuu hadi leo bila kuwauliza vyeti. Yaonekana cheti huulizwa tu mtu anapokuwa hai na anapoandika juu ya mchezo ambao sisi hatukwenda kuuona.

Hata hivyo, upo upande mwingine ambao watetezi wa mtazamaji hupenda kuufumbia macho. Tahakiki nyingi za aina hii ni pongezi tupu. Mwandishi ni rafiki wa mwongozaji, au binamu wa mwigizaji mkuu; anasema mchezo "ulifana sana" na kuishia hapo. Nyingine ni chuki iliyovikwa kanzu ya uhakiki. Maandishi ya namna hiyo hayana uzito, nasi hatuyaombei. Lakini udhaifu huo si wa wasiosomea peke yao. Mwandishi wa gazeti naye huingia ukumbini kwa tiketi ya bure, na msomi naye humsifu mwandishi aliyemfundisha, ila yeye hufanya hivyo kwa istilahi. Nairobi imewahi kuwa na wahakiki wa magazeti wenye bidii, kama Margaretta wa Gacheru aliyeyafuatilia maonyesho ya jiji kwa miongo kadhaa, na kazi yao ni hazina. Hiyo, hata hivyo, ni hazina ya Kiingereza hasa. Mchezo wa Kiswahili unaoigizwa Kakamega au Malindi utamngoja mtaalamu gani?

Mwaka 1977, katika kituo cha Kamĩrĩĩthũ huko Limuru, Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilifanyiwa mazoezi hadharani. Wakulima na wafanyakazi walikuja kutazama, na wazee wakasahihisha lugha ya wahusika. Waandishi walikubali kusahihishwa, ingawa mmoja wao alikuwa mkuu wa Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Novemba mwaka huohuo leseni ya mchezo iliondolewa. Serikali haikuwa na shaka yoyote kuhusu uzito wa hukumu ya watazamaji wale. Wenye shaka ni sisi.

Swali la usawa, basi, limeulizwa vibaya. Usawa katika lipi? Kuhusu kilichotukia jukwaani, aliyehudhuria akaandika kwa makini ana uzito kuliko profesa aliyesoma kitabu maktabani, na hapa hatuoni nafasi ya kuafikiana. Kuhusu mahali pa mchezo huo katika historia ya drama ya Kiswahili, mtaalamu huwa na mengi zaidi ya kusema, ila naye sharti atoe hoja, kwa kuwa cheo hakithibitishi kitu. Na pale wote wawili walipohudhuria, wakatofautiana, zisomwe sababu zao.

Tunapendekeza kwamba watahini wa tasnifu za drama waache kumwuliza mtahiniwa kwa nini amemnukuu mtu asiye na shahada. Badala yake wamwulize ameutazama mchezo anaouandikia mara ngapi, wapi, na nani mwingine aliyekuwapo aliyeandika. Na swali hilohilo, kabla halijaulizwa, watahini wajibu wao kwanza.