Folati Haingoji Siku ya Kliniki

Katika kila seli ya mwili wa mwanadamu mna vijenzi vidogo viitwavyo nyukleotidi. Kazi zake kuu ni mbili. Ya kwanza ni nishati: nyukleotidi iitwayo ATP huvunjwa kila moyo unapopiga, kisha huundwa upya kwa nguvu ya chakula tulacho. Ya pili ni ujenzi: nyukleotidi zikifungamana mfano wa shanga katika uzi, hupatikana DNA, ambayo ni hazina ya maagizo ya maumbile yetu, na RNA, inayoyafikisha maagizo hayo pale protini zinapoundwa.

Mwili hujitengenezea nyukleotidi wenyewe, ila baadhi yake haziundiki ipasavyo pasipo folati, vitamini tuipatayo katika chakula. Folati ikipungua, seli hushindwa kunakili DNA na kugawanyika. Chembe nyekundu za damu huwa chache, tena kubwa kupita kiasi. Daktari Lucy Wills wa Uingereza alikwenda Bombay mwaka 1928 kuchunguza upungufu wa damu wa namna hiyo kwa wanawake wajawazito, akaona kwamba dondoo la hamira liliwaponya. Mwaka 1941 wanasayansi waliipata asidi ya foliki katika majani ya spinachi, wakaipa jina litokanalo na neno la Kilatini la jani.

Wasomaji wetu, jambo zito hapa ni wakati. Mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, ilhali wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito. Usipofunga sawasawa, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, tangu mwanamke anapokusudia kushika mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kujifungua mtoto mwenye kasoro hiyo, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari kwanza, kwani kipimo chake huenda kikawa kikubwa zaidi.

Jikoni, tusizisahau kunde, maharagwe na mchicha. Mboga zisichemshwe mno, wala maji yake yasimwagwe, kwani folati huyeyuka majini na huharibiwa na moto. Hata hivyo, chakula kizuri hakiondoi haja ya vidonge.

Basi somo amfundapo mwari, na alitaje na hili. Na bwana harusi naye alijue, amkumbushe mkewe mapema.