Udhaifu Usioandikwa kwenye Karatasi ya Tathmini



Mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, sisi waseminari hupewa karatasi ya kujitathmini. Upande mmoja ni wa vipaji, upande wa pili ni wa udhaifu, na walezi huisoma kabla ya kumwita kila mmoja kwa mazungumzo. Ni zoezi jema. Tunachotaka kulisemea hapa ni majibu yaliyozoeleka katika nyumba za malezi: "Ninajituma kupita kiasi." "Ninapenda kila kitu kiende sawasawa." "Ninawaamini watu upesi." Huo si udhaifu, ni sifa iliyovalishwa nguo za toba.

Hofu iliyopo inaeleweka. Anayeisoma karatasi ndiye atakayetoa maoni kama fratera aendelee au arudi nyumbani, na huko nyumbani mama yake ameshaanza kuitwa mama wa padre. Nani ataandika kwamba hasira humkaa moyoni wiki nzima? Nani ataandika kwamba akikosolewa mbele ya wenzake, huwanunia mpaka wamwombe radhi?

Kanisa linaijua hofu hiyo. Kanuni ya 240 ya Sheria za Kanisa inakataza kabisa kuomba maoni ya baba wa kiroho na ya waungamishi pale inapoamuliwa mseminari apewe Daraja au aondolewe. Mlango upo, basi, wa kusema yote bila woga. Lakini tunaona kwamba mlango huo peke yake hautoshi. Namna fratera anavyoshika fedha za darasa, anavyowaamrisha wapishi, anavyozungumza na mwenzake wa kabila lingine, hayo yanahitaji kuonekana na kurekebishwa mchana kweupe. Ndiyo malezi ya kiutu, ambayo Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Wosia wa Kitume Pastores dabo vobis wa mwaka 1992, aliyataja kuwa msingi wa malezi yote ya kipadre.

Mara nyingi hapa hutajwa Mtakatifu Yohane Maria Vianney, na mara nyingi hutajwa vibaya, hasa msimu wa mitihani. Ni kweli Kilatini kilimshinda, na seminari ya Lyon haikuweza kuendelea naye. Hata hivyo alipewa upadre mwaka 1815, na baadaye akiwa paroko wa Ars watu walisafiri kutoka mbali kuungama kwake. Wanaomtaja ili kujitetea kwa uvivu wanasahau Padre Balley, paroko wa Écully. Huyu aliujua udhaifu wa kijana huyo wazi kabisa, akamfundisha kwa uvumilivu, akamtetea. Vianney angejifanya anakijua Kilatini, Padre Balley angemsaidiaje?

Upande wa vipaji nao una uongo wake, ingawa ni mdogo. Fratera anayepiga kinanda vizuri, anayejua kutengeneza pampu ya maji, ambaye wagonjwa wakimwona hutulia, anaandika kwamba "bado anajifunza". Unyenyekevu wa namna hiyo unainyima jumuiya mtu wa kumtuma.

Tunawaomba walezi wetu jambo moja. Fratera akiandika udhaifu wa kweli, aone kwamba karatasi hiyo imemletea msaada: mlezi wa kumfuatilia, muda, pengine mshauri wa saikolojia. Wenzake wakiona kwamba aliyesema kweli ndiye wa kwanza kufunga sanduku, mwaka unaofuata wote wataandika kwamba wanajituma kupita kiasi. Hatusemi kwamba kila anayekiri abakizwe. Kuna udhaifu ambao haufai altareni, na kumwambia kijana hivyo mapema ni kumtendea haki.

Nanyi waumini mna sehemu yenu, kwa kuwa udhaifu uliofichwa seminarini miaka minane au tisa huja kuishi parokiani kwenu. Frateri wanakuja likizo, wanalala majumbani mwenu, wanatembelea jumuiya ndogondogo. Paroko akiwauliza kabla ya kuandika barua ya kumrudisha fratera seminarini, msiishie kusema "ni kijana mzuri, anasali sana". Mwambieni pia alivyowajibu watoto, na alivyomsalimia bibi aliyekuwa anafagia kanisa.