Gari la Waya Nililolitupa

Mwaka jana nikiwa fildi Muleba nilimnyang'anya mwanafunzi wa kidato cha tatu gari lake la waya. Lilikuwa na usukani wa fimbo ndefu, na magurudumu ya kandambili yaliyokatwa vizuri kuliko ninavyoweza kukata mimi. Nikamuuliza, "Uko sekondari bado unachezea waya?" Darasa likacheka. "Samahani, madam," akasema. Gari likaishia shimo la taka, na kijana hakunyoosha mkono tena mpaka naondoka.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha kutanuka kwa vitu vikipata joto. Kwa manila, bila shaka.

Likizo, Bukoba, rafiki yangu wa fizikia akanionyesha waya wa nitinoli alioagiziwa na kaka yake wa Dar. Akaukunja kama ndoano, akautumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto. Ukanyooka wenyewe! Nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akaja kuchungulia. Bukoba tuko juu ya mita 1,100, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, lakini kwa waya ule yanatosha kabisa.

Nitinoli ni nikeli na titani, karibu nusu kwa nusu. William Buehler aliitengeneza katika maabara ya jeshi la majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo madaktari wa meno wanaitumia kunyooshea meno. Wanaounda vitu vidogo vya kuchezea huchukua uzi wake mwembamba, wakapitisha umeme wa betri. Uzi unapata joto, unafupika kama asilimia 4, unavuta bawa la kipepeo au mkono wa ishara ya reli. Hakuna mota, hakuna kelele. Ukipoa, springi ndogo au mpira unaurudisha. Ukizidisha umeme, unaharibu kumbukumbu yake, basi umekula hasara.

Sasa fikiria: umewafundisha wanafunzi kwamba waya ukipata joto hurefuka, halafu huu unafupika mbele ya macho yao. Hapo somo ndio linaanza.

Najua mtasema bumu lenyewe halitoshi, hivyo ni vitu vya Wazungu. Lakini kipande kimoja kifupi watano tunaweza kuchangia, na manila tunazobandika ili msimamizi atupe maksi nazo tunanunua. Halafu nikeli iko Kabanga, Ngara, mkoa huu huu. Mtoto wa Muleba anaijua kama jina la mgodi tu. Sisemi tutafua nitinoli Ngara kesho. Nasema mikono ya kuunda tunayo tayari darasani, na sisi walimu ndio tunaoitupa kwenye shimo.

Mwezi ujao narudi Muleba. Kijana yuko kidato cha nne. Nimebeba sentimita kumi za nitinoli, betri mbili, na kilo moja ya waya wa kufungia nondo. Nitaanza kwa kumwomba radhi, mbele ya darasa lile lile lililocheka.